Rangi za Modeli za Boti za PT: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi boti za PT, yaani boti ndogo za doria zenye kasi na torpedo, za jeshi la majini la Marekani, 1941 hadi 1945: ya kiwanda cha Elco, futi 80, na ya kiwanda cha Higgins, futi 78. Boti za mito za Vietnam zimewekwa mwishoni, kwa sababu wanaojenga moja mara nyingi huishia kujenga na nyingine.

Nianze na chupa gani ya rangi?

Chupa isubiri. Kwanza andika mambo manne kwenye karatasi: namba ya boti, mwezi na mwaka, mahali ilipokuwa, na nani aliyeipaka mara ya mwisho, kiwanda au mafundi wa kambini. Bila hayo, swali la rangi sahihi halina jibu. Boti iliyotoka kiwandani ikiwa na bluu ya kijivu ingeweza kuwa ya kijani miezi michache baadaye, kisha ikapakwa mabaka.

Elco ilijenga huko Bayonne, New Jersey. Higgins ilijenga New Orleans. Boti zilizotoka humo zikiwa mpya zilifuata maagizo ya jeshi kwa karibu. Zikishafika kambi za Pasifiki kama Tulagi, Rendova au Milne Bay, aliyeamua ni rangi iliyokuwepo stoo, matakwa ya mkuu wa kikosi na majani ya pwani ambamo boti zilijificha mchana. Kwa hiyo boti mpya ifuate waraka, boti ya vitani ifuate picha.

Namba kama 5-N, 5-O, 5-H na 20-B zina maana gani?

Zinatoka kwenye waraka wa jeshi la majini uitwao SHIPS-2, uliotolewa Januari 1941, ukarekebishwa Septemba 1941 na Juni 1942, na kuongezewa mabaka mapya 1943. 5-N ni bluu nzito yenye kijivu ndani yake. 5-O ni kijivu cha kati chenye ubluu. 5-H ni kijivu chepesi. 20-B ni rangi ya sitaha, nayo inakaribiana sana na 5-N.

Jambo linalorahisisha kazi ni kwamba kijivu hizi zote za mfululizo wa 5 ni ndugu. Zilitengenezwa kwa kuchukua rangi nyeupe ya msingi, 5-U, na kuitia rangi ya kukolezea, 5-TM, yenye bluu inayoelekea zambarau. Ukiikoleza sana unapata 5-N. Kidogo, unapata 5-H. Ukiona modeli yenye 5-O ya kijanikijani juu na 5-N ya zambarau chini, ujue chupa zilinunuliwa kwa watengenezaji wawili tofauti na hakuna aliyezilinganisha.

Mipango yenyewe hupewa namba, na kwenye maandishi neno Measure, yaani mpango, hufupishwa Ms. Ms 21, ya Juni 1942, ni 5-N kwenye nyuso zote zilizosimama na 20-B kwenye zote zilizolala. Ms 22 ina 5-N kuanzia majini hadi usawa wa sehemu ya chini kabisa ya ukingo wa sitaha, na juu yake 5-H. Ms 31, 32 na 33 ni za mabaka: 31 ya giza, 32 ya kati, 33 nyepesi. Kwa PT, ile inayokuhusu mara nyingi ni 31, kwa kuwa iliruhusu rangi za kijani kwa vyombo vinavyofanya kazi karibu na nchi kavu: 5-NG nzito, 5-OG ya kati, 5-HG nyepesi, pamoja na nyeusi isiyong'aa.

Mwanzoni mwa 1945 jeshi liliacha rangi ya kukolezea yenye zambarau na kuhamia kijivu kitupu kisicho na ubluu. Boti iliyopakwa upya kuelekea mwisho wa vita inaweza kuwa sahihi bila tone la bluu.

Naweza kuzichanganya mwenyewe?

Ndiyo, na kwa 5-N, 5-O na 5-H ni bora kuliko kutafuta chupa tatu. Fuata njia ya jeshi lenyewe: tengeneza chupa moja ya kukolezea, kisha iongezee nyeupe kwa viwango tofauti.

Kwa rangi za chapa ya Tamiya, chupa ya kukolezea ni sehemu 4 za nyeusi XF-1, sehemu 3 za bluu XF-8 na nusu sehemu ya zambarau X-16. Koroga kabisa. Kisha:

- 5-N: sehemu 2 za kukolezea, 1 ya nyeupe XF-2.
- 5-O: sehemu 1 ya kukolezea, 2 za nyeupe.
- 5-H: sehemu 1 ya kukolezea, 5 za nyeupe.

Hivi ni viwango vya kuanzia, si vya kumalizia. Paka kwenye kijiko cha plastiki, acha kikauke saa nzima, ndipo ulinganishe na kadi za vipimo vya rangi kama zile za Snyder & Short. Rangi ya akriliki ikiwa mbichi hudanganya; hii huwa nzito zaidi ikikauka. Ikitoka kama bluu ya sare ya shule, ongeza nyeusi na nyeupe kwa pamoja, kiasi sawa, mpaka ubluu upoe. Usiongeze nyeusi peke yake, utapata rangi ya wino.

Kwa 20-B chukua 5-N uliyokwisha kuichanganya na utie matone machache ya chupa ya kukolezea. Kazi ya tofauti hiyo ndogo ni kulifanya jicho lione kwamba sitaha na ubavu havikupakwa kwa mkupuo mmoja.

Nichanganye kiasi gani?

Elco ya skeli ya 1:72 ina urefu wa takriban milimita 339. Ya 1:35 ni karibu milimita 697. Urefu ni mara mbili na kidogo, lakini eneo la kupaka ni zaidi ya mara nne. Kama mililita 10 za rangi kabla ya thina zimetosha ubavu na sitaha ya 1:72, andaa 40 hadi 45 kwa ya 1:35. Changanya yote siku moja na uhifadhi ya akiba kwenye chupa inayofunga vizuri. Kuirudia rangi ileile wiki mbili baadaye ni kazi ngumu kuliko kuijenga boti.

Maelekezo ya kwenye boksi yanasema kitu kingine. Niyaamini?

Yaamini kwa mpangilio wa vipande. Kwa rangi, yachukue kama dokezo tu. Mtengenezaji hulazimika kukutajia chupa za chapa yake, hata kama chapa hiyo haina 5-N. Pia boksi moja huja na namba za boti mbili au tatu na mchoro mmoja wa rangi, ilhali boti hizo zilikuwa bahari tofauti. Angalia kwanza kama silaha zilizomo ndani ya boksi ni za mwaka mmoja na rangi. Mirija minne ya torpedo ni dalili ya boti za mwanzo; torpedo za Mk 13 zilizolala kwenye vishikio vya pembeni bila mirija zilianza kuenea 1943. Kuweka vishikio vya 1944 kwenye boti yenye rangi ya 1942 ni kosa kubwa kuliko kukosea kivuli cha kijivu.

PT-109, boti ya John F. Kennedy, ilikuwa na rangi gani?

Siku ilipogongwa na manowari ya Kijapani Amagiri, 2 Agosti 1943 katika mlango wa bahari wa Blackett, Visiwa vya Solomon, jibu linalokubalika ni kijani nzito boti nzima. Si bluu ya kiwandani, na si kijivu chepesi kinachoonekana kwenye michoro mingi ya maboksi ya zamani.

Kwa Tamiya anza na kijani nzito XF-61, sehemu 5, na kijani ya zeituni XF-62, sehemu 1, kuipunguzia ukali. Sitaha iwe kijani hiyohiyo, ila iongezee tone la kijivu kwa sababu jua la tropiki huipiga sitaha kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulipita. Kabla ya doria ile ya mwisho wahudumu waliifunga bunduki ya milimita 37 ya kupigia vifaru kwenye sitaha ya mbele, juu ya mbao nzito, mahali palipokuwa na chelezo cha kuokolea. Mbao hizo ni za dharura. Ziache rangi ya mbao. Na kama umeweka bunduki hiyo, usiweke na chelezo mahali pake.

Kijani zote za Pasifiki zilikuwa za kijeshi rasmi?

Hapana. Zilizochanganywa kambini zilitofautiana kati ya kikosi na kikosi, na hata ndani ya kikosi kimoja. Hilo lisikupe ruhusa ya kutumia kijani yoyote. Kijani ya kujificha kwenye mikoko ni chafu na imezimika, haina ung'avu wa jani la mgomba. Ukiwa na shaka, elekea kijivu. Boti za Bahari ya Kati ni suala jingine kabisa: huko, kuanzia 1943, zilipigana karibu na pwani za mawe na bahari wazi, na rangi za kijivu ndizo zenye mantiki.

Nitajuaje rangi kwa picha nyeusi na nyeupe?

Hutajua rangi, utajua uzito wake. Hilo pekee linatosha kuondoa nusu ya uwezekano. Kama ubavu kwenye picha una uzito sawa na kuta za kibanda kilicho juu ya sitaha, Ms 22 imeondoka mezani.

Linganisha vitu vilivyosimama na vilivyosimama, vilivyolala na vilivyolala. Sitaha huonekana nyeupe kwa sababu inaangalia mbingu, si kwa sababu ilipakwa rangi nyepesi. Ubavu uliolowa ni mzito kuliko mkavu. Tafuta kwenye picha hiyohiyo kitu unachokijua: bendera, boya jeupe, shati la kaki.

Angalia pia aina ya filamu. Filamu za zamani zisizoona nyekundu huifanya nyekundu kuwa karibu nyeusi, na bluu kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Wakati wa Vita vya Pili filamu zinazoona rangi zote zilikuwa za kawaida, lakini ukirudi nyuma hadi boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizopigana Ziwa Tanganyika kuanzia Desemba 1915, tahadhari hii inakuwa ya kwanza: sehemu iliyo nyeusi tii kwenye picha huenda ilikuwa nyekundu.

Jaribio linalosaidia sana: weka vijiko vyako vya majaribio nje, kivulini, pembeni ya karatasi nyeupe. Vipige picha kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, kisha uiweke kando ya picha ya kihistoria. Vitakavyoonekana vizito au vyepesi mno, vitoe.

Na picha za rangi? Na boti zilizopo makumbusho?

Picha halisi ya rangi ya wakati ule ni ushahidi mzuri wa aina ya rangi, yaani kama ni kijani au bluu, lakini si wa kivuli kamili. Filamu hufifia na skana huongeza yake. Picha nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi na kompyuta si ushahidi wa chochote. Programu imekisia, nawe utakuwa unakisia juu ya kisio.

PT-617 na PT-796 zipo Battleship Cove, Fall River, Massachusetts. PT-305 ilirekebishwa New Orleans. Zitumie kwa umbo, misumari, vishikio na vipimo. Rangi iliyopo juu yake leo imetoka kiwanda cha leo.

Sitaha niiache rangi ya mbao?

Usifanye hivyo. Bodi ya Elco ilikuwa tabaka mbili za mbao za mahogani zenye kitambaa kilichogandishwa katikati, na kwa kuwa watu husikia "mahogani" hufikiri sitaha iling'aa kama meza ya sebuleni. Ilipakwa rangi. Sitaha ya mbao tupu ingeonekana na rubani akiwa mbali sana.

Chini ya mstari wa maji je?

Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini yenye oksidi ya shaba, nyekundu inayoelekea kahawia. XF-9 inafaa kuanzia. Iongezee kidogo nyekundu XF-7 ikiwa imezidi ukahawia. Kazi yake ni ileile ya deheni kwenye jahazi, na kama deheni haikai sawa: penye mwendo mwingi hulika, karibu na mstari wa maji hufunikwa na utelezi wa kijani.

Usipake mkanda mweusi kwenye mstari wa maji kwa mazoea ya meli za chuma. Uweke tu kama picha ya boti yako inauonyesha. Kuuchora mstari, simamisha boti ikiwa sawa omo na tezi, funga penseli juu ya kipande cha mbao chenye kimo sahihi, na ukizungushe mezani. Ukifuata mkunjo wa bodi kwa macho, mstari utapanda omo na boti itaonekana inazama tezi.

Mirija ya torpedo, bunduki na ndani?

Mirija hupakwa rangi ya bodi, na kwenye mabaka, mabaka hupita juu yake pia. Bunduki za kalibari .50 si nyeusi: ni kijivu kizito cha chuma. Tumia XF-24 na nyeusi nusu kwa nusu, kisha sugua kingo kwa risasi ya penseli. Chumba cha injini, kikionekana, ni cheupe.

Midomo ya mirija ya torpedo ipe doa la mafuta na masizi. Torpedo zilirushwa kwa baruti na mirija ilipakwa grisi. Grisi hiyo wakati mwingine iliwaka na kuwaonyesha adui mahali boti ilipo.

Nipunguze uzito wa rangi kwa sababu modeli ni ndogo?

Kidogo. Kwenye 1:72, sehemu 1 ya kijivu chepesi kwa 12 za rangi inatosha. Kwenye 1:35 usiongeze kitu. Wapo wanaotia nyeupe asilimia 20, na matokeo ni 5-N iliyogeuka 5-O. Kwa kijani tumia kijivu chepesi, kwani nyeupe huifanya kijani ya maziwa. Kumbuka pia kwamba vanishi isiyong'aa yenyewe hupausha rangi nzito. Kwa hiyo kijiko cha majaribio kipakwe vanishi kabla ya kuamua.

Vanishi imeacha ukungu mweupe. Kwa nini?

Unyevu. Kopo la kupuliza hupoza hewa, mvuke unaganda ndani ya vanishi kabla haijakauka, na juu ya 5-N au kijani nzito ukungu huo huonekana kutoka mlangoni. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar tatizo hili ni la kila msimu wa mvua. Puliza mchana baada ya saa saba, hewa inapokuwa kavu kuliko alfajiri na usiku, kwa tabaka nyembamba. Ukungu ukishatokea, tabaka jepesi la vanishi inayong'aa mara nyingi huufuta. Ikikauka kabisa, rudia isiyong'aa siku nyingine.

Joto nalo hukausha rangi kwenye ncha ya brashi ya hewa. Kwa sindano ya milimita 0.3, changanya rangi na thina X-20A kwa kiasi sawa, shinikizo la bar 1 hadi 1.4, umbali wa sentimita 8 hadi 10. Ikianza kutoa chembechembe kama vumbi, sogea karibu na uongeze thina kabla ya kulaumu brashi.

Rangi za modeli hazipatikani ninapoishi. Nitumie nini?

Tubu za akriliki za wachoraji zinatosha: nyeupe ya titani, nyeusi, na bluu ya ultramarini. Ultramarini ina zambarau yake ya asili, kwa hiyo X-16 haihitajiki. Tatizo ni uzito. Punguza kwa maji kidogo kidogo, chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni, na upake juu ya praima, la sivyo itabanduka pamoja na tepu.

Maduka ya rangi za magari yatakuchanganyia kwa kulinganisha na kijiko chako, na kivuli hutoka vizuri sana. Hatari ni thina yake kali, ambayo huyeyusha plastiki ya modeli na kufuta mistari ya mbao. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Kisha praima, na rangi yenyewe kwa ukungu mwepesi wa tabaka nne au tano, ukisubiri robo saa kati yake. Tabaka la kwanza likilowesha plastiki, umeshachelewa. Itang'aa, hivyo vanishi isiyong'aa ni lazima.

Kuchakaza: kutu niweke wapi?

Si kwenye bodi. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi kuliko yote ya rangi: michirizi ya kutu ikishuka ubavuni mwa boti ya mbao. Mbao haishiki kutu. Weka kidogo kwenye nanga, minyororo, mabomu ya kina na vizuia sauti vya moshi kwenye tezi. Pia usichubue rangi na kuonyesha fedha. Chini ya rangi ya PT kuna rangi ya zamani, kisha mbao.

Badala yake, weka masizi mepesi kwenye tezi, maana injini tatu za Packard za petroli zilitolea moshi hapo. Chumvi kavu ubavuni, kwa kijivu chepesi kilichokunwa karibu kukauka. Na njia za miguu sitahani: kati ya daraja na bunduki ya nyuma rangi hulika, pembezoni hubaki nzito.

Boti za mito za Vietnam (PBR) zinafuata kanuni hizi?

Sehemu tu. Bodi ya PBR ni ya nyuzi za kioo na kijani yake nzito ilikuwa kwenye tabaka la nje la bodi lenyewe, kwa hiyo haibanduki kama rangi ya kupakwa. Jua huipausha na kuifanya ya unga. Paka kijani nzito, kisha pitisha juu ya nyuso zilizolala kijani hiyohiyo iliyotiwa kijivu na thina nyingi.

Kama una boksi la Tamiya la 1:35, hilo ni la Mk II, ambayo iliongezewa ukingo wa alumini kwa sababu kugusana na sampani, mashua za wenyeji, kulikuwa kunaumiza bodi. Pale ukingoni, na pale tu, mikwaruzo ya fedha ni sahihi. Boti za Swift, boti nyingine za doria za vita hivyo, ni za alumini nzima. Zilipoanza kazi baharini 1965 zilikuwa za kijivu, na kijani ilikuja zilipoingizwa mitoni. Ukizipaka kijani, hakikisha tukio unalolionyesha ni la mtoni.